Lipu Bila Maji

Mwaka ule mvua ilipogoma kusini mwa California, kazi ya Evaristo Tafoya ndiyo iliyokufa kwanza. Alikuwa fundi lipu wa mabwawa ya kuogelea. Si yeye aliyechimba shimo, wala si yeye aliyesuka nondo na kumwaga zege. Yeye aliitwa mwisho, wenzake wakishaondoka, akashuka shimoni na mwiko wake, akalivisha lile zege koti jeupe la saruji na vumbi la marumaru, laini kama ganda la yai. Miaka yake yote ya ukubwa ilipita ndani ya mabwawa ya watu, kuanzia Inglewood mpaka Malibu, na hakuna hata moja aliloogelea. Hakujua kuogelea.

Sasa wakubwa wa jiji walikuwa wamekataza kujaza mabwawa. Wenye maji waliyaacha yageuke kijani, wasio na maji wakabaki wanatazama mashimo yao. Nani ampe fundi kazi ya kupiga lipu bwawa asiloruhusiwa kulijaza? Simu ikanyamaza. Evaristo akawa mtu wa kukaa jikoni na kikombe cha kahawa, akisikiliza ndege zinavyopita.

Hizo ndege nazo zilikuwa balaa lao la siku nyingi. Mtaa wao ulikuwa umebanwa kati ya uwanja wa ndege na bahari, na tangu zije jeti kubwa, zilikuwa zikiruka na kupita juu ya mapaa chini kabisa, hata vikombe vikatembea kabatini. Watu waliokuwa mezani walijifunza kukata neno katikati, kungoja, kisha kulimalizia. Uwanja ulikuwa ukinunua nyumba moja moja ili zibomolewe. Jirani akihama leo, kesho walikuja watu wakang'oa mita ya maji, wakapigilia mbao madirishani na kuzungusha uzio wa waya. Barabara ambayo zamani ilijaa watoto na baiskeli ikabaki na familia chache, kama meno katika kinywa cha kizee.

"Wewe unangoja nini?" mkewe, Ofelia, alimuuliza. "Unangoja majirani warudi?"

"Sijasema hivyo."

"Hukusema, lakini kila ukisikia gari unainua shingo. Hawarudi, Evaristo. Na sisi twende, kabla hatujawa walinzi wa makaburi."

Lakini Evaristo hakusaini karatasi za kuuza. Nyumba ile aliijenga mwenyewe, Jumapili kwa Jumapili.

Watoto wao wakubwa walikwisha kuoa na kuolewa. Nyumbani alibaki kitinda mimba, Celso, kijana wa miaka kumi na saba, mwembamba, mpole, asiyeongea sana na babake. Asubuhi alikuwa baharini, akipanda mawimbi kwa ubao. Mchana, upepo ukishaharibu mawimbi, alichukua kiubao chake chenye magurudumu akapotea na wenzake. Kwa Evaristo huo ulikuwa uhuni tu. Mwanamume wa umri ule, alisema, yeye alikuwa amekwisha kuvuka mpaka kutoka Jalisco, kule Meksiko, na kuanza kutuma fedha kwa mama yake.

Kisha akaanza kuona kitu. Celso alirudi jioni viwiko vimechubuka, na suruali yake ina vumbi jeupe. Vumbi lile Evaristo alilijua kama mwokaji anavyojua unga.

Siku iliyofuata alimfuata. Hakwenda mbali. Nyuma ya nyumba ya Bi Gunderson, mwalimu wa piano aliyehamia kwa binti yake Oregon, alisikia ngurumo iliyopanda na kushuka, ikakatika, ikaanza tena. Alipita kwenye tundu la uzio, akazunguka banda, akasimama.

Vijana watatu wanne walikuwa wamekaa ukingoni mwa bwawa tupu, miguu ikining'inia. Ndani alikuwa Celso. Alijisukuma kutoka upande wa kina kifupi, akateremka, na ukuta wa upande wa kina kirefu ulipomfikia hakugonga. Ukuta ulimpokea. Akaupanda, mwili ukilala karibu sambamba na ardhi, mkono mmoja ukipapasa lipu kama mtu anayepapasa shingo ya farasi, akageuka chini ya vigae vya buluu na kurudi chini kwa kasi maradufu.

Evaristo hakuwahi kuona mwanawe akiwa hivyo. Pia hakuwahi kuliona bwawa lake hivyo. Maana hilo lilikuwa lake. Marehemu Bwana Gunderson alikuwa ametaka umbo la figo, na pale mahali ambapo sakafu inakuwa ukuta Evaristo alikuwa ameinama kutwa nzima akiuzungusha mwiko, akiupa ukuta mkunjo mrefu usio na kona, kwa sababu tu mkono ulitaka hivyo. Kisha maji yakaingia, na hakuna mtu aliyeuona tena.

"Mzee, usituitie polisi," alisema kijana mmoja mrefu mwenye nywele zilizopauka kwa jua. Aliitwa Dwight Sundberg, na ndiye aliyekuwa na mdomo kuliko wote. "Tunaondoka sasa hivi. Hatujavunja kitu."

"Ni baba yangu," Celso alisema kutoka shimoni, kwa sauti ya mtu aliyekamatwa.

Evaristo aliwatazama, akatazama viatu vyao. "Hili bwawa nililipiga lipu mimi," alisema.

"Acha masihara, mzee."

"Muulize mwenzako."

Dwight alimgeukia Celso. "We Celso, baba yako ndiye aliyetengeneza hii kitu, na wewe umekaa kimya wiki zote hizi? Una roho mbaya, mwanangu." Kisha akamgeukia Evaristo, na safari hii hakuwa na mzaha usoni. "Mzee, tumepita mabwawa mengi. Mengi yanakutema. Ukifika pale chini unakutana na kona, unatupwa. Hili linakubeba. Mkunjo wake ni mtamu, sijui niseme nini."

Ndege ikapita, wote wakangoja. Wenye mabwawa walikuwa wamemsifu kwa weupe, kwa kuwahi kumaliza, kwa kutoacha uchafu. Mkunjo hakuna aliyeutaja.

Tangu siku hiyo akawa mwenda huko. Alibeba kiti chake cha turubai akakaa chini ya mlimau wa Bi Gunderson uliokuwa ukifa kwa kiu, akatazama. Akajifunza majina ya mabwawa mengine waliyoyapita, akayajua karibu yote: lile lilipigwa lipu na fulani, mlevi, ndiyo maana lina mawimbi, lile lina ngazi mahali pabaya. Vijana walimsikiliza wakicheka. Jioni yeye na Celso walirudi nyumbani pamoja, wakizungumza njia nzima, wakafika wangali wanazungumza. Ofelia aliwatazama kwa macho mawili, moja likifurahi na jingine likikataa.

"Mtu na mvi zako unavamia nyumba za watu," alimwambia mumewe.

"Hakuna watu."

"Ndiyo maana naogopa. Akianguka mtu pale, nani atasikia?"

Mwezi wa Oktoba lipu ikaanza kufa. Bwawa lililojengwa kwa ajili ya maji likikaa juani bila maji huvimba na kubanduka. Katika ukuta wa kina kirefu, chini kidogo ya vigae, kipande cha ukubwa wa sinia kilianguka, kikaacha zege tupu, kavu, lenye meno. Na hapo ndipo hasa Celso alipokuwa akipita. Siku zile alikuwa akijaribu kitu ambacho hakuna mwenzake aliyekiweza: kupanda mpaka juu kabisa, magurudumu mawili yakae juu ya ukingo kwa nukta moja, kisha arudi chini.

"Baba, si unaweza kupaziba?"

"Siwezi."

"Wewe?"

"Sikiliza. Lipu ya bwawa haikaushwi, inakomazwa. Ukimaliza kuipiga unaingiza maji papo hapo, inakomaa ndani ya maji. Ukiiacha kwenye jua hili utakuwa umepaka biskuti ukutani."

"Tutaimwagilia kwa ndoo," Dwight alidakia. "Asubuhi, mchana, jioni. Tutaishikia hata mwavuli, mzee. Jumamosi anakuja yule jamaa wa picha, wa lile gazeti la wapanda mawimbi. Anakuja hapa, kwa sababu tumemwambia hakuna bwawa kama hili."

"Tafuteni pengine."

"Hakuna pengine," Celso alisema polepole. "Tingatinga limefika mtaa wa pili, baba. Likimaliza kule linakuja huku. Baada ya hapo hakuna mtu atakayejua kwamba ulikuwepo mkunjo huu."

Evaristo alijua kwamba mwanawe hakusema vile ili kumlaghai, ndivyo alivyoamini. Kama angemlaghai, ingekuwa rahisi kumkatalia.

Alitoa mfuko wa saruji nyeupe uliobaki gereji, akachekecha vumbi la marumaru, akavaa nguo zake za kazi. Aligonga kingo za kidonda mpaka zikaacha sauti ya utupu, akalilowesha zege, akapaka. Mwiko ulimjia mkononi kama rafiki aliyekuwa safarini. Vijana walikaa ukingoni wakimtazama kimya, na yeye akijua wanamtazama, akafanya taratibu kuliko ilivyohitajika. Alipomaliza, ukuta ulikuwa mmoja tena. Akafunika kwa magunia yaliyolowa, akayatundika kwa mawe kutoka ukingoni.

"Magunia haya yasikauke hata mara moja," aliwaambia. "Na asipite mtu hapa mpaka mimi nigonge kwa kidole na kusema sawa."

Wakaleta maji kweli, mengine ya kuiba majumbani mwao, mengine yale ambayo Ofelia alikuwa ameyaweka ya kufulia. Lakini Alhamisi usiku ulishuka ule upepo wa jangwani unaokuja msimu ule, mkavu, wa moto, unaopasua midomo na kuwafanya watu wagombane bila sababu. Ulivuma Ijumaa kutwa. Ukimwagilia gunia, ukienda kujaza ndoo nyingine ukarudi, gunia lilikuwa kama karatasi.

Jumamosi mpiga picha alikuwa amekwisha kufika Evaristo alipotokea. Alikuwa mtu mchangamfu mwenye ndevu, amelala kifudifudi ukingoni akipima mwanga. Evaristo alishuka, akafunua magunia. Lipu ilikuwa nyeupe, nzuri, bila ufa wa kuonekana. Akaanza kuigonga kwa kifundo cha kidole, kutoka juu, akishuka. Ilijibu vizuri, tok, tok, nzito. Kwenye kona ya chini ya kiraka, upande wa kushoto, ilijibu kama ngoma, utupu nyuma yake.

Akagonga tena pale pale. Ngoma.

Celso alikuwa amesimama nyuma yake, ubao kwapani.

"Bado," Evaristo alisema. "Pitieni ukuta wa pili."

"Ukuta wa pili una kivuli," mpiga picha alisema kutoka juu, kwa upole. "Jua lipo huku tu, na nusu saa ijayo halipo. Lakini nyie ndio mnaojua. Mimi sitaki kumlazimisha mtu."

Dwight alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu. Evaristo alimwangalia mwanawe, akaona jinsi alivyokuwa akijizuia asiombe. Neno lilikuwa mdomoni mwa Evaristo, neno dogo, hapana, na angelisema kwa mtu mwingine yeyote, kwa tajiri wa Malibu angelisema bila kupepesa macho. Akatazama ukuta ule aliourudisha kuwa mmoja.

"Basi pita juu," alisema. "Kona ile ya chini usiiguse."

"Sawa, baba."

Mara ya kwanza alipita juu. Mara ya pili alifika kwenye vigae. Mara ya tatu alipanda mpaka mwisho, na magurudumu ya mbele yakavuka ukingo, yakakaa hewani, na Celso akasimama pale juu ya ukuta wa babake, mikono imefunguka, uso ukiwa hauna wasiwasi wowote. Kamera ililia. Vijana walipiga makofi. Evaristo naye alipiga.

"Moja nyingine tu," mpiga picha alisema.

Safari ya nne ndege ilikuwa ikipita, kwa hiyo Evaristo hakusikia kitu. Aliona tu. Aliona ubao ukishuka, gurudumu la nyuma likikanyaga ile kona, na kipande chote cha lipu kikitoka ukutani kama gamba la samaki. Aliona Celso akienda kichwa chini, akitua kwa mgongo na shingo pale ambapo sakafu inakuwa ukuta. Aliona vinywa vya watu vimefunguka. Ndege ilipomaliza kupita, palikuwa na gurudumu moja tu lililokuwa likizunguka.

Dwight alikuwa wa kwanza kufika akataka kumwinua. "Usimguse," Evaristo alisema. Alipiga magoti. Celso alikuwa macho.

"Baba, niondolee kitu miguuni. Kuna kitu kimenilalia."

Hapakuwa na kitu miguuni.

Gari la wagonjwa lilichelewa getini, maana watu wa uwanja walikuwa wamefunga uzio kwa mnyororo, na lile tundu la vijana halikuweza kupitisha machela. Ilibidi waya ukatwe. Muda wote huo Evaristo alikaa sakafuni, ameshika kichwa cha mwanawe katikati ya viganja vyake kama alivyoambiwa, na vumbi jeupe lilikuwa likiwaangukia wote wawili kila upepo ulipovuma.

Hospitali ilisema uti wa mgongo umekatika, na kwamba kutoka kiunoni kushuka chini pasitarajiwe kitu. Daktari alilisema mara mbili, taratibu, akidhani Ofelia hajui Kiingereza. Ofelia alikuwa ameelewa mara ya kwanza. Hakumlaumu mumewe siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Aliacha tu kumwita kwa jina.

Wiki za mwanzo Evaristo alingoja Celso amlaumu. Alijiandaa kwa hilo kama mtu anavyojiandaa kuchomwa sindano. Siku moja, Ofelia akiwa ametoka, Celso akafumbua macho.

"Ile kona ilipolia. Uliisikia?"

"Niliisikia, mwanangu."

Celso alitazama dari. "Na mimi niliisikia," alisema.

Evaristo akashika tama. Ingekuwa heri kijana amtukane. Tusi angeliweza kulibeba akaenda nalo mahali. Hili halikuwa na mahali pa kushikia.

Alisaini, nyumba ikauzwa. Walihamia Fontana, ndani kabisa, mbali na bahari, mahali pa moshi wa kiwanda cha chuma na mizabibu iliyoachwa. Evaristo akapata kazi ya kufagia kiwandani. Mvua ilipokuja hatimaye, majira mawili baadaye, ilikuja kwa hasira, ikashusha matope milimani, na watu wakaanza kumpigia simu za mabwawa. Aliwajibu kwamba ameacha kazi hiyo.

Dwight alikuja mara chache. Mara ya kwanza alileta gazeti. Picha ilijaza ukurasa mzima: kijana amesimama juu ya ukingo, mikono imefunguka, nyuma yake mbingu tupu. Jina lililoandikwa chini halikuwa la Celso. Mtu alikuwa amekosea. Celso aliitazama kwa makini, kama anayemtazama mtu asiyemfahamu vizuri, akairudisha.

"Kaa nayo," alisema. "Hapa itapotea."

Mara ya mwisho Dwight alikuja na gari jipya na fulana ya kampuni inayomlipa. Alisema sasa wanajenga viwanja maalumu, mabwawa yasiyotiwa maji kabisa, na watu wanakata tiketi kuingia. Mwenye kiwanja anatafuta fundi mwenye kujua mikunjo. "Nimemwambia habari zako, mzee. Kule ni zege lenyewe, hakuna lipu ya kubanduka. Anakutaka hata kesho."

Evaristo alimtazama mwanawe. Celso alikuwa amegeukia dirishani.

"Nenda, baba," alisema bila kugeuka. "Kazi ni kazi."

Hakukuwa na uchungu katika sauti ile, wala ruhusa. Evaristo alimshukuru Dwight, akamsindikiza mpaka garini, akamwambia hapana. Dwight alisimama kidogo akichezea funguo, macho yake yakawa mekundu. Mwisho akasema atapita tena mwezi ujao. Hakupita.

Barabara ya nyumba yao mpya ilishuka kutoka milimani, moja kwa moja, bila kona, mpaka kwenye reli. Jumapili jioni Evaristo alikuwa akimtoa Celso nje kwa kiti cha magurudumu apate hewa, maana mgongo wake ulikuwa umeanza kutoka vidonda visivyopona. Jioni moja, walipofika barabarani, Celso aliomba wasimame. Kiti kilikuwa kimeelekea chini. Mbele yao lami ilikuwa tupu, imelala inang'aa kwa jua la mwisho, na mbali kule treni ya mizigo ilikuwa ikipita polepole, behewa kwa behewa.

Celso aliitazama lami ile kama alivyozoea kutazama maji kabla hajaingia. Akaweka mikono mapajani.

"Niachie, baba."

Evaristo alikuwa ameshika vishikio vya kiti. Hakujua kama anaombwa upepo kidogo usoni au kitu kingine. Alitaka kuuliza, akaona kwamba hana nguvu za kusikia jibu.

"Siwezi."

"Nakuomba."

"Siwezi, Celso."

"Najua," Celso alisema.

Hawakugeuka. Walikaa hivyo, mmoja amesimama, mmoja ameketi, vidole vya Evaristo vikizidi kuuma kwa kushika. Ofelia alitoka mlangoni akaita kwamba chakula kinapoa. Hakuna aliyemjibu, naye hakuita mara ya pili.